Matibabu Yaliisha, Machozi Yakaanza

Siku niliyomaliza mionzi ya kansa ya titi pale Taasisi ya Saratani, Mulago, Kampala, wenzangu wa kwenye benchi walinipigia vigelegele. Nikarudi Busia na furaha. Wiki ya tatu nikaanza kulia. Nalia nikiosha vyombo, nalia nikipima maharage, na saa nane za usiku usingizi unakatika, mwili unawaka joto, moyo unaniambia: imerudi.

Kinachoniuma mpaka leo ni ushauri niliopewa. "Mshukuru Mungu, wenzako wamezikwa." Kwani nani alisema sishukuru? Wifi yangu, kwa nia njema, alinikataza hata kutaja kansa. Kuitaja ni kuiita. Nikamtii miezi miwili. Nilifunga meza yangu sokoni, nikafunga na mdomo. Niliteseka kuliko wakati wa kemo, zile dawa kali za kuua kansa, maana wakati wa kemo nyumba ilijaa watu. Sasa wote walijua nimepona.

Sokoni kulinishinda kwa jambo jingine pia. Titi la kushoto liliondolewa, na kitambaa nilichokunja ndani ya sidiria kilikuwa chepesi, kila nikiinua debe kinapanda kuelekea shingoni. Nikashona kifuko nikakijaza nafaka ya wimbi. Uzito ulikuwa mzuri sana! Lakini baada ya siku chache jasho likaliingiza ukungu, na ngozi iliyopigwa mionzi ikaanza kuwasha. Nikalitupa. Mara ya pili nikachukua pamba safi, katikati nikaficha shanga za kioo, nikawa naongeza chache chache huku nimesimama mbele ya kioo mpaka mabega yakalingana. Nikashona na foronya zake mbili za pamba laini, moja ikifuliwa nyingine inavaliwa, halafu nikatia vifungo ndani ya sidiria. Uzi, shanga, kila kitu, sidhani kama shilingi elfu kumi za Uganda ilifika. Asubuhi ile niliinama, nikainua debe, nikalishusha, nikaliinua tena. Kifuko kikatulia. Nikafungua meza.

Usiku, hata hivyo, ulibaki vilevile, mpaka nilipomwambia nesi kliniki bila kuficha. Akanieleza kwamba tamoksifeni, dawa ninayomeza kila siku kansa isirudi, inaweza kuleta lile joto, na kwamba kulia wiki kwa wiki ni jambo la kutibiwa kama kidonda. Akanipeleka kwa mshauri nasaha. Jamani, semeni mkiwa kliniki, msingoje kuulizwa.

Huko ndiko nilikokutana na mama mmoja wa Bugiri, naye kafanyiwa upasuaji kama wangu. Tuliomba tupangiwe tarehe moja. Mimi natangulia kupanda basi, yeye ananikuta njiani. Tuna utaratibu wetu: tukivuka daraja la Jinja, kila mmoja anatoa hofu yake yote, hata ile asiyoweza kumwambia mumewe, nani atalea watoto, nani atalipa ada. Tunalia tukitaka. Tukifika Najjembe, soko la kando ya barabara, tunanunua gonja, ndizi za kuchoma, dirishani, na kuanzia hapo kansa haitajwi mpaka Mulago.

Hofu bado inakuja wiki ya kliniki, ila sasa ina mahali pa kusemewa. Alhamisi ni zamu yetu tena. Jana kanipigia simu kuniuliza kama nimelala. Nimelala, nikamwambia, na kiti cha dirishani nitakushikia.