Prado la Baba na Baridi ya Njombe

Baba alipofariki, Prado lake lilikaa muda mrefu Dar es Salaam likipigwa na jua nje ya nyumba. Ndugu wengine walitaka liuzwe, mimi sikutaka hata kusikia. Nikalipandisha Njombe, ninakofanya kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa na ninakolima parachichi upande wa Lupembe. Ni la mwaka 1998, zile ambazo mafundi huziita tisini na tano, injini ya petroli ya lita 2.7, silinda nne, gia otomatiki. Baba alilipenda na alilitunza. Viti havijachanika, milango inafunga kwa mlio uleule.

Shida ilikuwa mafuta. Kila aliyenisikia alinijibu jibu moja: "Hizo ndivyo zilivyo, dada, zinakunywa." Na kweli gari la uzito ule si la kubana matumizi. Lakini mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, wakitangaza bei kikomo, mji mzima ulikuwa unasikiliza kama matokeo ya mtihani. Tenki la Prado lile linameza lita 90. Ilibidi nijue ninachokunywesha.

Nilianza kwa kupima. Unajaza tenki kwenye kituo kimoja mpaka pampu ikatike yenyewe, unarudisha tripu kwenye sifuri, unakwenda zako, kisha unarudi kujaza pampu ileile na kugawanya kilomita kwa lita. Sikutaka kupima kwenye matope ya Lupembe, maana huko gari lolote linakula. Nikapima kwa barabara ya lami, Njombe hadi Makambako na kurudi, mwendo wa kawaida. Jibu likaja chini ya kilomita 5 kwa lita. Kwa lami, bila mzigo, hilo halikubaliki hata kwa Prado.

Mahali pa kwanza pa kutazama palikuwa kwenye matairi. Gari hilo lilitoka kiwandani na saizi 265/70R16, lakini baba alifunga 265/75R16 ili liinuke kidogo. Tairi hilo ni kubwa kwa asilimia tatu na ushee, kwa hiyo likizunguka mara moja linasogea mbele zaidi ya dashibodi inavyodhani. Nilithibitisha kwa mawe ya kilomita kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya: mawe yakisema 100, dashibodi inasema kama 97. Yaani sehemu ndogo ya ulafi ule ilikuwa ya hesabu tu. Lakini ilikuwa ndogo kweli. Ukirudisha kilomita zote zilizopunjwa, bado nilikuwa nang'ang'ania kwenye 5.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alisema niondoe masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, ili gari "lipumue". Mwingine alinitaka nitoe injini nzima niweke ya dizeli. Wa tatu, kijana mwenye gereji ya maana tu, aliniambia oksijeni sensa, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, imekufa, ninunue mpya, na kama haikusaidia tuguse nozeli zinazopuliza petroli. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Dalili zinaonyesha." Sikununua. Mtu akitaka kubadilisha kifaa kwa pesa yangu, naomba kwanza anionyeshe kilivyoharibika.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyetengeneza Land Cruiser za serikali tangu nikiwa shule ya msingi. Gereji yake ni banda la mabati, sakafu imelowa oili mpaka imekuwa nyeusi kama lami. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, kisha akaongeza "kamwene" kwa Kibena kama afanyavyo kwa kila mgeni. Hakufungua boneti. Alianza kuniuliza: linawaka upesi asubuhi? Linanusa petroli? Unaenda umbali gani kabla ya kulizima? Nani alilitumia kabla yako, na wapi?

Halafu akatoa plagi. Alizipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, moja hadi nne, tukainama wote wawili. Zote nne zilikuwa na masizi meusi makavu, laini, yanayotoka kwa kidole. Akasema ingekuwa moja tu nyeusi, angetafuta shida kwenye silinda hiyo, plagi yake au nozeli yake. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, injini nzima inapewa petroli nyingi kuliko hewa, na anayegawa petroli ni kompyuta. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa ninuse. Kulikuwa na petroli ndani ya harufu ya oili, wazi kabisa.

Kwa hiyo akaiuliza kompyuta. Magari ya Japani ya miaka ile mengi hayakubali zile mashine ndogo za kupimia zinazouzwa siku hizi, lakini yana kiboksi cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua unakuta matundu yenye majina yake. Mzee alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, akaniita nitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Kama kuna kosa, taa hupepesa kwa hesabu: mbili, kituo, moja, ni 21, oksijeni sensa. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Yetu ilipepesa haraka, sawasawa, bila kituo. Maana yake kompyuta haioni kosa lolote.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mzee yule. Fundi mwingine angesema kompyuta imeharibika. Yeye alisema, "Mwanangu, hii haina shida. Inaambiwa kitu na inakiamini. Tutafute inaambiwa nini."

Alinituma nikaendeshe hadi nje ya mji na kurudi nikitumia breki kidogo sana, kisha akapitisha kiganja karibu na rimu zote nne. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma. Pistoni ya kalipa ilikuwa imeshika kutu, pedi zinabana diski hata mguu ukiwa umeondoka kwenye breki. Akaisafisha, akaweka mpira mpya, gurudumu likawa linazunguka kwa mkono. Nilipopima tena, kweli kulikuwa na nafuu, lakini si ile niliyoitafuta. Na breki haipaki plagi masizi.

Jibu alilitoa mama yangu, bila kujua. Ilikuwa Julai, na Julai ya Njombe kila aliyewahi kuamka huko alfajiri anaijua. Nilikuwa nampeleka hospitali, nikapita gereji kumwachia mzee fedha ya mpira wa kalipa. Mzee akaja dirishani kumsalimia mama, naye akajibu salamu kisha akalalamika, "Baba, hili gari mlitengeneze na heta yake. Tumetoka nyumbani zamani, magoti yangu bado yanatetemeka." Mzee akaingiza mkono, akauweka mbele ya matundu ya hewa. Akatazama geji ya joto. Mshale ulikuwa umelala chini, umeinuka kidogo tu kutoka kwenye C, alama ya baridi.

"Siku zote unakaa hapo?"

Nikamwambia unapanda tukikwea mlima, tukiteremka unarudi. Akaniuliza tena: kwa kasi ya 80 kwenye tambarare, mshale wa mizunguko unasoma ngapi? Unapita 2,000, nikasema. Akacheka kwa furaha, akapiga paa la gari. Otomatiki ya Toyota ya aina ile, akaeleza, haiingii gia ya juu kabisa mpaka maji ya injini yapate joto. Kwa hiyo baridi ilikuwa inanikamua mara mbili: kompyuta inaongeza petroli kwa sababu inaambiwa injini ndiyo kwanza imewashwa, na gia inakataa kupanda kwa sababu hiyohiyo. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi. Nyingi inabaki matone kwenye kuta, ndiyo maana kompyuta huongeza, na ziada inaosha oili kwenye silinda na kushukia chini. Ile harufu kwenye kijiti.

Hakutaka nimwamini kwa maneno. Alikata kipande cha boksi, akakiweka mbele ya nusu ya rejeta, akanikabidhi ufunguo: "Nenda, lakini macho kwenye geji. Ukipita katikati, simama ukitoe." Kabla sijafika mbali mshale ukaanza kupanda, heta ikaanza kutoa hewa ya moto, na kwenye tambarare nikaona mizunguko ikishuka chini ya 2,000, gari likaenda kwa utulivu ambao sikuwahi kuusikia tangu nilichukue.

Kesho yake akafungua pale bomba kubwa la maji linapoingia kwenye injini. Mahali pa themostati, vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, palikuwa na nafasi tupu. Mtu alikuwa ameitoa na kufunga kifuniko juu ya gundi.

Nilimpigia simu baba mdogo, aliyekuwa akizunguka na baba Dar. Alikumbuka vizuri. Gari lilichemsha siku moja foleni ya Ubungo, fundi mmoja akasema kile kidude kinaziba maji, kwenye nchi ya joto hakina kazi, akakitoa. "Na halikuchemsha tena, mama," baba mdogo akasema. Namwelewa. Joto la Dar lilikuwa linaficha nusu ya madhara, na hakuna anayewasha heta pale. Lakini ushauri huo bado unatolewa kila siku kwenye gereji zetu, na unaniuma, maana gari likichemsha kuna sababu: feni, kepu ya rejeta, rejeta iliyoziba, au themostati yenyewe iliyokwama, ambayo dawa yake ni mpya. Kuitoa ni kuiacha injini bila mtu wa kuilinda na baridi, na injini ya baridi inalika.

Themostati mpya ilikuja kwa basi kutoka Dar, imegongwa namba 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Mzee alitaka kuijaribu kabla ya kuifunga, nami nikaleta kipimajoto cha maziwa kutoka kazini. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Ndani yake kuna nta, ikipata joto inatanuka na kusukuma kijiti, vali inafunguka. Kwenye 70 haikutikisika. Kwenye 80 na kitu ikaanza kuachia pole pole, duara la shaba likijitenga na ukingo, mpaka tukaona maji yanapita katikati. Kwenye mwinuko wa Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, kwa hiyo jaribio lilikuwa na nafasi ya kutosha. Akaifunga, kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa upande wa juu, akaweka kulanti, akabadilisha oili iliyochanganyika na petroli.

Lami ya Makambako ikanipa kilomita 7 na nusu kwa lita, nikiwa nimeshaongeza zile asilimia tatu za matairi. Mama akaanza kuniambia nipunguze heta.

Matairi makubwa niliyaacha mpaka yakaisha, kisha nikarudisha 265/70. Kwenda Lupembe wakati wa masika yanatosha, na sasa mawe ya barabarani na dashibodi vinakubaliana.