Jinsi nilivyotatua usajili wa korosho ghalani Tandahimba

Chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba kiliniomba programu ya kusajili mizigo ya korosho ghafi, nami nikaanza kuiandika yote peke yangu. Fomu zilinichukua wiki moja tu; kilichonikwamisha ni kuhifadhi kumbukumbu kwenye simu mtandao unapokatika, kisha kuzituma baadaye bila kuzirudia. Katika majaribio, mzigo wa kilo 84 uliingia mara mbili, kosa ambalo lingezua ugomvi mkubwa siku ya malipo.

Niliiacha kazi hiyo, ingawa iliniuma. Nikachukua ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ambayo huhifadhi fomu ndani ya simu na kuipa kila moja utambulisho wake wa pekee, hivyo ikitumwa tena haihesabiwi upya. Mwenyewe niliandika kipande kimoja tu, cha kukokotoa makato na kuchapa stakabadhi, kwa kuwa utaratibu wa makato ya chama hicho haukuwamo katika programu yoyote niliyoipata. Sasa karani hupima, hujaza fomu papo hapo mizanini, na hutuma jioni afikapo penye mtandao.