Nilivyokuza mabuu wa chaza kwenye kituo cha utafiti wa bahari

Nilipopata nafasi ya kukuza mabuu wa chaza kwenye kituo cha utafiti wa bahari, wenzangu waliniuliza kuhusu hadubini. Mimi niliulizia maji. Hadubini nzuri utaikuta hata kwenye chuo kilicho mbali na pwani, lakini maji ya bahari yanayotiririka maabarani usiku na mchana huyapati huko.

Kabla ya kugusa chaza hata mmoja, nilimwomba fundi wa pampu anionyeshe njia yote ya maji, tangu mdomo wa bomba baharini hadi kwenye matangi. Matembezi yale yalinifaa kuliko mwongozo wowote. Mabomba ya kuvutia maji ni mawili na hufanya kazi kwa zamu. Lililopumzika hufungwa, maji yaliyobaki ndani yakaishiwa oksijeni, na kome waliojishikiza humo wakafa kabla hawajaliziba. Shaba hairuhusiwi popote, ni plastiki tupu, kwa kuwa shaba kidogo tu ikiyeyuka majini huua mabuu. Na baada ya mvua kubwa fundi husubiri bahari ijae ndipo avute, maana maji ya mtoni hupunguza chumvi. Mimi nilitaka ibaki karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kwa hiyo ratiba yangu nzima niliipanga kwa kufuata kupwa na kujaa.

Kabati la vyombo nalo ni hazina. Kituo kilikuwa na vyombo vya kioo vya mabuu peke yao, visivyowahi kuguswa na sabuni wala formalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo. Nilivitumia hivyo tu.

Anton Dohrn, aliyeanzisha kituo cha Naples, Italia, mwaka 1872, alikuwa akikodisha meza: taasisi inalipa, mtafiti wake akifika anakuta meza, kemikali, maktaba na wanyama waliokusanywa baharini. Napenda sana utaratibu huo. Lakini hata penye ukarimu wa namna hiyo, mwani wa kulisha lazima uombwe mapema. Mbegu ya Isochrysis, mwani mdogo sana wa kulisha mabuu, huchukua siku kadhaa kuongezeka kwenye chupa, na buu wa chaza huanza kula siku moja hivi baada ya yai kurutubishwa. Mwani ulipokuwa tayari ndipo nikapandisha joto la maji taratibu, chaza wakatoa mayai na mbegu za kiume.

Karibu wiki ya tatu mabuu walionyesha doa jeusi la jicho na mguu wa kutambalia. Niliwatandikia magamba makuukuu yaliyosafishwa, wakajishikiza. Vipimo vyangu vya joto na chumvi niliviandika kwenye daftari la kituo, chini ya vile vya miaka iliyotangulia vilivyonisaidia kuchagua msimu wa kuanza.