Jinsi nilivyoirudisha pamoja mikanda ya negativu iliyochanganywa

Nilipopelekwa kwa mafunzo kwa vitendo katika hifadhi moja ya nyaraka jijini Dar es Salaam, nilikabidhiwa makasha ya negativu nyeusi na nyeupe za milimita 35, yaani filamu ambazo penye mwanga huonekana peusi na penye giza peupe, nyingi zikiwa za miaka ya 1960 na 1970. Mikanda yake ilikuwa imekatwa vipande vya picha sita sita, kisha vipande hivyo vikachanganywa.

Nilishauriwa nizipange kwa mada, viongozi huku, viwanda kule, michezo pale, na nizitupe bahasha za zamani kwa kuwa zimechakaa. Ushauri huo naupinga hadi leo. Mpiga picha aliyeanza asubuhi kiwandani na kumaliza jioni uwanjani ametuachia mwendo mzima wa siku yake, na picha moja huieleza inayofuata. Ukishaitawanya kwa mada, anayekuja baadaye hana pa kuanzia. Bahasha nazo, hata zilizoliwa na mende, zilikuwa na maandishi ya mkono, nami niliyanakili yote.

Zilizonuka siki nilizitenga mapema. Filamu ya asetati, ambayo ni aina ya plastiki, ikikaa kwenye joto na unyevu wa pwani hutoa asidi ya asetiki, ile ile ya siki, husinyaa na kujikunja, na mvuke wake huharakisha kuharibika kwa filamu zilizo jirani.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuvitafutia vipande wenzao. Kiwandani filamu huwekewa namba pembezoni, pamoja na za katikati kama 12A, iliyo kati ya 12 na 13, nazo hujitokeza filamu inaposafishwa. Namba hizo hazitoshi peke yake, kwa sababu karibu kila mkanda una 7 na una 12. Lakini mpiga picha anapoweka filamu kwenye kamera hapati mwanzo uleule kila mara, kwa hiyo katika mkanda mmoja namba huangukia mwanzoni mwa picha, na katika mwingine huangukia katikati, na umbali kati ya namba na ukingo wa picha hubadilika kidogo tu hadi mwisho wa mkanda. Nilichukua ukanda mwembamba wa karatasi, nikautia alama za umbali huo, nikawa nauweka kando ya kila kipande juu ya meza ya mwanga, ile inayomulikwa kutoka chini. Vipande vilivyolingana nilivichunguza tena kwenye kingo za picha, kwa kuwa dirisha la ndani ya kamera likiwa na kikwaruzo au uchafu uliogandamana, huacha alama ileile picha baada ya picha. Mwisho nilitazama mkato wenyewe: mkasi uliokwenda upande huacha mshazari unaooana na wa kipande cha pili.

Kwa njia hiyo kipande kimoja cha watu wasiojulikana, wamekaa juu ya mizigo yao, kilipata mwenzake aliyetangulia, na katika picha yake ya mwisho kilionekana kibao cha stesheni ya Morogoro. Nilifurahi sana siku ile, maana picha hizo zilikuwa zimeandikwa tu "wasafiri".

Kila mkanda uliotimia niliupa namba yake, na kila picha ikachukua namba ya mkanda ikifuatiwa na ile ya pembezoni, bila kubuni namba nyingine mpya. Andika kwa penseli juu ya mfuko kabla ya kuingiza filamu, kwani ukiandika ikiwa ndani, mkandamizo huacha mchoro kwenye upande usiong'aa, ambao ndio wenye picha. Mifuko isiyo na asidi ni ghali, hivyo tuliyopata ilienda kwanza kwa mikanda iliyokamilika. Mada nilizoambiwa nizifuate niliziweka kwenye faharasa, ambamo picha moja inaweza kutajwa chini ya viwanda na chini ya viongozi pia. Vipande vilivyokosa wenzao vimo katika kasha lao, kila kimoja na kipimo chake cha umbali, ili makasha mengine yakifunguliwa vilinganishwe tena.