Mlango, mwezi, tabasamu

🚪🌙🙂

Mlango, mwezi, uso wenye tabasamu. Mama aliniandikia hivyo Jumanne, saa moja na dakika ishirini usiku, nami nikajibu 👍. Nilikuwa jikoni, mwiko mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, na kidole gumba ndicho kilichokuwa karibu. Nilidhani ananiaga: mlango umefungwa, mwezi umetoka, yuko salama. Nikala, nikaoga, nikalala.

Alhamisi Zaina, ambaye Mama humwita Jaja, yaani bibi, alinipigia kuhusu ada yake, na katikati ya maneno akasema, kwa kupitia tu, "Shangazi, Jaja alikungoja juzi. Hakutia komeo mpaka karibu saa sita. Alikusongea ugali wa wimbi."

Ugali wa wimbi. Anajua kwamba huku Malaba, mpakani, sisongi, kwa kuwa unga wa dukani una mchanga. Alisonga, akafunika kwa sinia, akauacha mlango bila komeo, mimi nimelala fofofo mwendo mfupi tu wa teksi kutoka kwake.

Wiki hii ofisi yetu imehamia ghorofa ya pili, mwenye nyumba kapandisha kodi, na Kaka Idi kaondoka kwenda Juba kwenye ile kazi aliyoingoja mwaka mzima. Nikiulizwa wiki ilikuwaje, nitasema mlango, mwezi, tabasamu, kidole gumba. Nimeusoma ujumbe huo hata sehemu ambazo hazina maandishi.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua Mama hakuenda shule, na kwamba jina lake alifundishwa kuliandika na Baba, kwenye migongo ya karatasi za reli. Enzi zile za kodi ya mitandao hapa Uganda, kuanzia Julai 2018, sisi wengine tulipokuwa tukilipa shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp, yeye alikuwa bado na kile kisimu cha tochi. Simu ya kugusa tulimnunulia baadaye, na Zaina akamwonyesha ukurasa wa emoji. Nilimshauri atume sauti, akakataa katakata. Anasema sauti ikifunguliwa ndani ya teksi, Tororo nzima inajua kwamba miguu yake imevimba. Vipicha ni siri, haviongei mbele za watu.

Basi ananiandikia vipicha. 💊❌ ni dawa ya presha imeisha. 🐐➕🐐🐐 ni mbuzi kazaa pacha. 🌧️👕👕👕 ni kwamba mvua imezikuta nguo kambani, na ikifuatiwa na 👧🏾📱 ujue Zaina aliachiwa kazi ya kuzianua akawa kwenye simu. Hii ya mwisho aliituma mwezi wa tano na nilimwonyesha kila mtu ofisini. Nilijiona hodari wa kumsoma. Ndiyo sababu hili la Jumanne limenichoma hivi.

Ijumaa nilimwonyesha ujumbe yule kijana wetu wa mafunzo, bila kumwambia umetoka kwa nani. Akautazama, akasema, "Dada, huyu mtu amekukasirikia."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia tabasamu hili 🙂, lisilo na meno, kwa watu wa rika lake si furaha. Ni la mtu anayejizuia asikutukane. Na 👍 peke yake nayo ni baridi, ni kama kumfungia mtu dirisha usoni. Mtu akikufurahia anakuandikia 💀😭, maana yake amekufa kwa kicheko mpaka machozi. Akikuonea aibu anakuwekea 👉👈, vidole vinavyotaka kugusana. Wiki iliyopita mwenyewe aliweka kwenye kundi la ofisi picha ya mkimbiaji wetu Cheptegei na dhahabu yake ya mita 10,000 ya Paris 2024, chini yake 🐐🇺🇬, nami nikajiuliza Cheptegei na mbuzi wapi na wapi. Kumbe herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya "bora kuliko wote wa nyakati zote" zikipangwa pamoja zinasomeka GOAT, yaani mbuzi. Alinieleza kwa adabu na subira, kama ninavyomweleza yeye fomu za forodha. Lakini mimi fuvu sitamtumia mtu ninayempenda. Hilo siliwezi.

Nilirudi nyumbani na wazo jipya, kwamba pengine Mama kweli alikuwa na hasira, hasira ya kabla, na tabasamu lile lilikuwa la kunionya. Usingizi ukanikatalia. Nikaanza kusoma habari za emoji, kama mtu anayetafuta dawa ya ugonjwa ambao hajapimwa. Neno lenyewe ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita na wenzake walitengeneza vipicha 176 kwa ajili ya simu za NTT DoCoMo, kampuni ya simu ya huko Japani, kila kimoja ndani ya nukta 12 kwa 12 tu, na humo mlikuwa na jua, mawingu na mvua. Nilikaa hapo kidogo. Herufi-picha. Mama huwa anasema "nimekuandika picha," nasi tukamsahihisha mara ngapi, Mama sema "nimekutumia."

Nikasoma na habari za bendera. Sikujua kwamba bendera yetu, ile yenye korongo katikati, ndani ya simu haihifadhiwi kama picha. Ni herufi mbili maalumu, U na G, zinazofuatana, na simu ikiziona pamoja inachora 🇺🇬. Ukizigeuza, G ikatangulia U, inatoka bendera ya Guam, kisiwa cha mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki. Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni ipi imetangulia.

Nikaketi kitandani. Nikafungua ujumbe wa Mama na kupanda juu, juu, mpaka Machi.

Usiku wa kawaida Mama haandiki 🚪🌙. Anaandika 🌙🚪. Mwezi, kisha mlango. Usiku baada ya usiku, mwezi, kisha mlango, na mimi 👍, 👍, 👍. Ila mara nne, kuhesabu na Jumanne, mlango umetangulia. Mara moja kati ya hizo nilikwenda, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa na sukari na sabuni za kumpelekea, nikamkuta amekwisha kuandaa chakula, nikashangaa amejuaje. Mara tatu nilijibu kidole gumba nikalala Malaba.

Nililia. Sitaficha hilo.

Jumapili asubuhi nikapanda teksi ya kwanza. Mwamba wa Tororo ulikuwa na ukungu mpaka kiunoni, na Mama alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Nilimwamkia, nikapiga magoti, na kabla hajanijibu vizuri nikaanza kuomba radhi, mlango, mwezi, kidole, vyote kwa pamoja. Akanisikiliza huku anatoa vijiwe. Kisha akafuta mikono kwenye leso, akachukua simu yake na kuisogeza mbali na macho kama anavyofanya.

"Mwanangu, wewe umesoma, hii inakushinda? Mlango ukitangulia, nakuita. Upo wazi, mwezi umekuta hivyo. Mlango ukifuata, nimeufunga, nimelala."

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Nani anifundishe? Mtu si anaanza kufungua kwanza?"

Nilimuuliza na lile tabasamu. Moyo ulinidunda, kwa sababu ya yale maneno ya kijana wa ofisini. Akacheka, akaweka kidole juu ya uso ule wa njano, ukucha wake una unga wa mchele, akasema hilo amelichagua kati ya nyuso zote zile kwa kuwa halitoi meno. "Baba yako alicheka hivi. Akitoka stesheni, amechoka, akinikuta mlangoni. Hivi hivi, mdomo umefungwa."

Sikuwa na la kusema. Miaka tisa Baba hayupo, na kumbe kila usiku Mama alikuwa ananitumia uso wake.

Tukakaa pale mkekani mpaka mchele ukasahauliwa. Nilimwambia kwamba kidole changu kwangu ni "nimeona," akasema kwake ni "ndiyo," na kwamba Jumanne kilisema ndiyo, kwa hiyo akaweka sufuria motoni. Hakunilaumu, alieleza tu kama mtu anayehesabu chenji. Kisha tukapanga. Nikija nitaandika 👣🚪. Nisipokuja, 🛏️, na yeye atie komeo mapema, asikae na mlango wazi peke yake. Nikisha soma tu bila jibu, 👀. Akayajaribu yote matatu palepale, simu yangu ikawa inalia ndani ya mkoba, yeye amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anacheka kila inapolia. Zaina akatoka ndani akauliza kuna nini, Mama akamjibu, "Tunaandikiana barua."

Muda mrefu sijawa na furaha ya namna ile. Nilikula ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga mpaka nikalegeza kitenge. Na jioni, nikiwa nimerudi Malaba, saa mbili kasorobo ikaja 🌙🚪🙂. Nikaisoma polepole, kimoja kimoja, mwezi, mlango, na uso wa Baba. Nikajibu 🌙🚪🙂. Sasa hivi kijana wa ofisini angetuonaje sisi wawili sijali.

Mama aliniuliza pia wakati naondoka kama Kaka Idi amefika. Nilisema amefika, kwa sababu basi lake lilikuwa lifike Juba jana asubuhi, na sikutaka presha impande. Mara ya mwisho kuongea naye alikuwa Elegu, kwenye foleni ya mpaka, akalalamika jua na kusema ataweka laini ya huko akishavuka. Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana. Nimemwandikia jana mara mbili na leo asubuhi tena, nikampigia nikiwa kwenye teksi. Nimetoka kutazama sasa hivi kabla ya kuchapisha haya. Ujumbe wote mitatu bado una tiki moja.