Siku moja maishani mwangu: nafundisha fizikia ya ndege pale Wilson

Saa kumi na moja alfajiri. Niko Rongai, chai bado iko jikoni, mi nishafungua simu naangalia ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ripoti za ndege zinaandikwa kwa saa ya dunia nzima, na hapo sisi tunaosema Kiswahili tumebahatika kweli, manake kuanzia asubuhi hadi jioni unachukua tu saa yako ya Kiswahili unaongeza 3. Saa moja asubuhi ni 0400, saa tatu ni 0600, saa nane mchana ni 1100. Huwa nawafundisha hiyo siku ya kwanza kabisa na hawaisahau tena. Leo naandika kwenye karatasi shinikizo la hewa hektopaskali 1021, joto la mchana linatarajiwa digrii 26. Hizo namba mbili ndio somo langu la leo mchana.

Saa kumi na mbili na nusu. Matatu, Magadi Road kisha Lang'ata Road. Dereva akikata kona kwa kasi abiria wote tunalalia upande, na kila mtu anaamini kuna kitu kinamsukuma nje. Hakuna. Mwili wako unataka kwenda moja kwa moja, gari ndio linakukimbia, na kinachokugeuza ni ule ukuta wa gari uliokuja kukugonga bega. Nimefundisha kanuni ya kwanza ya Newton kwa kona hizi miaka mingi na hadi leo sijapata mfano bora.

Saa mbili asubuhi. Darasani, wanafunzi kumi na wanne, wengi wametoka sekondari juzijuzi. Tunaanza na tungamo na uzito, kitu ambacho kila mtu anadhani anakijua. Nikauliza: lita 100 za petroli ya ndege ni kilo ngapi? Watatu wakajibu mia. Ni 72, kwa sababu lita moja ni kama kilo 0.72, na ukikosea hapo kila hesabu inayofuata imeoza.

Basi nikawasimulia ile Boeing 767 ya Air Canada ya Julai 1983. Ilihitaji mafuta kilo 22,300. Ndege ilikuwa mpya, inahesabu kwa kilo, lakini watu walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, badala ya 0.8 ambayo ni kilo kwa lita. Ikaruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Injini zote mbili zikazima, wakaileta chini kama ndege ya karatasi mpaka uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, Kanada. Watu 69 ndani, wote wakapona. Darasa lilinyamaza kabisa. Tangu hapo hakuna aliyeniandikia namba tupu bila kipimo chake, na aliyejaribu wenzake walimrudisha kabla yangu.

Saa nne. Chai na mandazi nje karibu na uzio, ndege ndogo zinapita. Hapa ndio likaja swali la siku. Binti mmoja, hapendi kuongea darasani, akanifuata na kikombe chake: "Mwalimu, ndege ikipanda, kani ya kuinua inakuwa kubwa kuliko uzito, si ndio?"

Hebu niwaambie, hili swali nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu la "ndio" linaonekana la haki kabisa na ni kosa. Nikamwonyesha mtu wa mkokoteni aliyekuwa anapandisha mitungi ya maji pale barabarani, ameinama mpaka kifua kinakaribia kugusa mpini. Barabara ikiwa tambarare, ardhi inabeba mzigo wote na yeye anapambana na msuguano tu. Akianza kupanda, je, ardhi inabeba zaidi au pungufu? Akafikiri. Akasema pungufu. Na kile kilichopungua nani anakibeba? Akamwangalia yule jamaa, akasema, yeye, ndio maana anatoka jasho.

Ndivyo ilivyo kwa ndege. Ichukue ya kilo 1,000, inapanda kwa pembe ya digrii 5 bila kubadilisha kasi. Mabawa yanabeba kama kilo 996 tu, yaani pungufu ya uzito! Kinachoipandisha ni injini, ambayo juu ya kupambana na ukinzani wa hewa inavuta kilo 87 nyingine za ule mteremko. Injini ikiishiwa na ziada hiyo, vuta pua utakavyo, hupandi, unapoteza kasi mpaka mabawa yanaacha kubeba. Aliposikia hivyo akaweka kikombe chini akaomba kalamu, akachora mishale yake mwenyewe kwenye karatasi ya mandazi yenye mafuta, mshale wa uzito ameugawa vipande viwili jinsi inavyotakiwa. Ile karatasi nimeibeba nyumbani.

Saa tano na nusu. Hanga, banda la kuwekea ndege. Rula kwenye kidole, sarafu za shilingi kumi kumi juu yake, kila mtu anatafuta inapotulia. Halafu tunahamia kwenye Cessna 172 yenyewe. Viti vya mbele viko inchi 37 kutoka mahali pa kupimia, sehemu ya mizigo ya nyuma inchi 95. Chukua begi la kilo 20 toka mbele ulirushe nyuma, umelisogeza inchi 58, na kwenye ndege ya kilo 1,000 kitovu cha uzito kinarudi nyuma zaidi kidogo ya inchi moja. Inchi moja si kitu? Mpaka wa nyuma wa kitovu hicho ni inchi 47.3, kama kilikuwa 46.5 ushatoka nje, na ndege yenye mkia mzito pua yake ikiinuka haishuki kirahisi. Begi lile lile, kilo zile zile.

Saa saba. Chakula cha mchana, githeri, haraka haraka.

Saa nane mchana. Sasa zile namba za alfajiri. Darasa letu ni mita 8 kwa 6 kwa 3. Nikauliza hewa iliyomo humu ina uzito gani, mmoja akasema gramu kadhaa. Tukakokotoa pamoja: kama kilo 140. Chumba hiki hiki ukikipeleka kwetu Mombasa kwenye joto hili hili, kilo 170. Yaani hapa Nairobi tumekosa kilo 30 za hewa kwenye chumba kimoja tu, na hiyo ndio hewa ambayo bawa linaegemea, propela inasukuma na injini inavuta. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, lakini kwa shinikizo lile na digrii 26 hesabu ya haraka inakupa karibu futi 7,900. Ndege inaamini iko huko. Unapotua, saa ya kasi inakuonyesha noti 55 (maili za baharini kwa saa) na kumbe kweli unakimbia karibu 62, na nishati ya mwendo inakwenda kwa kasi mraba, kwa hiyo una kama robo zaidi ya kuitafutia breki.

Hapa huwa siendi mbio. Nilipokuwa mwanafunzi, chuo nilichosomea tulikariri majibu ya mtihani, nami nilipita vizuri sana. Mchana mmoja wa jua kali nilipiga hesabu ya kuruka kwa jedwali la usawa wa bahari. Tulikimbia, tulikimbia, ule uzio ukawa mkubwa mpaka nikahesabu nguzo zake, na tukapita juu yake kwa kiasi ambacho instrakta wangu hakusema neno mpaka tuliposhuka. Jibu nilikuwa nalijua. Maana yake sikuwa naijua, na nisingependa mtoto wa mtu aijue kwa njia ile.

Saa kumi jioni. Kijana mmoja katoka kuruka, uso umejaa furaha, amefanya kona za kuilaza ndege digrii 45. "Mwalimu, mashavu yalishuka!" Nikamwambia uzito wako ulizidishwa kwa 1.41, wewe wa kilo 70 ulikuwa karibu 99, na kasi ya kustoli, ile ambayo chini yake mabawa yanaacha kubeba, imepanda kutoka noti 50 hadi kama 59. Na digrii 60 je? Akajibu mwenyewe kabla sijamaliza: mara mbili.

Saa tatu usiku. Nasahihisha, simu inalia. Ni mmoja wa wale watatu wa lita mia. Kesho alipangiwa kuruka saa nane mchana na abiria wawili, amenitumia picha ya hesabu yake yote, kila namba na kipimo chake, mafuta kwa kilo, na chini ameandika kwamba amemwomba instrakta wabadilishe muda: "0400, mwalimu, hewa ikiwa bado nzito."

Nikamjibu sawa, na yale mabegi uyapime, usiyakadirie kwa mkono.