Vichanja 40 vimegawiwa, halafu?

Ripoti nyingi za asasi za kando ya Ziwa Victoria huishia hapo: vichanja 40 (meza za wavu za kuanikia dagaa) vimegawiwa, kina mama 40 wamefundishwa, na picha ya mgeni rasmi. Hizo ni hesabu za kazi yetu sisi. Mama anayeanika dagaa Igombe, Mwanza, ambaye shida yake ilikuwa mvua na mchanga, hayumo humo.

Ili tujue kama hali yake imebadilika, aulizwe kabla kichanja cha kwanza hakijafika, tena aulizwe kitu alichokifanya. Mara ya mwisho ulipoanika, ulianika ndoo ngapi? Ngapi ziliharibika? Ndoo moja uliiuza shilingi ngapi? Ukimuuliza "maisha yameboreka?" atakujibu ndiyo kwa adabu tu, hasa kama anayeuliza ndiye aliyegawa vichanja. Atumwe mtu mwingine, anayejua Kisukuma, Kikerewe au Kijita kulingana na mwalo, yaani ufukwe mitumbwi inapotia nanga. Na abebe ndoo yake ya lita 20 ya kuonyesha, maana ndoo iliyosawazishwa na ile ya kilele ni vipimo viwili.

Huku kwetu kinachoharibu takwimu kuliko vyote ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa; mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi hupumzika na fedha hukauka mwaloni. Ukichukua takwimu za awali wakati wa mbalamwezi na za mwisho wakati wa giza, kipato kitapanda hata kama vichanja vimelala stoo. Linganisha giza kwa giza, masika kwa masika. Mahojiano yafanyike siku za mbalamwezi, watu wakiwa na nafasi, lakini awamu zote mbili uliza habari za giza lililopita.

Halafu kuna walioondoka, na hapa ndipo tunapodanganyana sana. Watu wa mwaloni huhama kambi wakifuata samaki. Tuseme mlianza na kina mama 40, baada ya miezi 6 mkawapata 26, na 20 kati yao hasara imepungua. Ripoti itaandika asilimia 77. Kwa wale 40 mlioanza nao, mna uhakika na 20 tu, yaani asilimia 50. Andikeni zote mbili, na idadi ya wasiopatikana. Siku ya kwanza chukueni namba mbili za simu, yake na ya ndugu asiyehama. Fomu ziwe na namba tu, orodha ya majina ifungiwe kando. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wadogo.

Ukimkuta aliyeacha kutumia kichanja, usiandike "hakushiriki" ukaondoka. Mwombe akuonyeshe. Wavu wa kichanja ukilegea, dagaa hujikusanya katikati, wa chini hawakauki, naye anarudi mchangani. Awamu inayofuata fomu iwe na mstari huo: wavu umekaza au umelegea, na nani aliukaza mara ya mwisho.